Je, Wajua? “Yowe” Ina Siri Isiyoonekana Vitabuni

Anayefunga safari hadi Oslo, Norwei, kuitazama “Yowe” ya mchoraji Edvard Munch hukutana na mambo ambayo ni vigumu kuyaona kitabuni. Mchoro wa mwaka 1893, ulioko Makumbusho ya Taifa, umechorwa kwenye kadibodi. Madoa yake meupe yalidhaniwa kuwa kinyesi cha ndege. Mwaka 2016 vipimo vikaonyesha ni nta ya mshumaa. Juu kushoto kuna maneno madogo ya penseli yasemayo kwamba ni mwendawazimu tu angeweza kuchora hivyo. Mwaka 2021 ilibainika kuwa mwandiko ni wa Munch mwenyewe! Mjini humohumo, jumba la makumbusho la MUNCH lina “Yowe” nyingine, ila huonyeshwa kwa zamu, moja moja, ili mwanga usizichakaze.