Kuunganishwa na opereta: kwa nani, au na nani?

Tuichukue sentensi ambayo mfasiri wa maelekezo ya simu za ofisini anaweza kuiandika bila kuitilia shaka: "Simu ikiunganishwa na opereta, mtambo wa ujumbe wa sauti usiipokee." Kisarufi haina kosa, lakini ina maana mbili. Ama opereta ndiye aliyeiunganisha simu, akaipeleka kwa mhasibu, au simu imefikishwa kwa opereta mwenyewe. Chanzo ni "na". Baada ya kauli ya kutendwa humtaja mtenda ("barua imeandikwa na karani"), lakini pamoja na kitenzi "unganisha" hutaja pia kile kinachoungwa: "Makambako imeunganishwa na Songea kwa barabara ipitayo Njombe." Hakuna adhaniaye kuwa Songea ndiyo iliyojenga barabara. Opereta, kwa kuwa ana mikono, anaweza kuwa yote mawili.

Uzito wa jambo hili huonekana mtambo unapofanya kazi. Swichibodi hupokea laini chache za nje na kuzigawa kwa namba nyingi za ndani. Tuseme mkulima wa viazi aliyeko Makambako anapiga simu ofisini Njombe, anaomba kuzungumza na ofisa manunuzi, na opereta anaihamisha simu. Simu inalia, haipokewi. Swichibodi huipeleka kwenye namba nyingine ya ndani, ambayo mwisho wake hakuna mtu bali mtambo wa ujumbe wa sauti. Kuunga waya ni kazi nyepesi. Ngumu ni ile habari inayopaswa kufuatana na simu: swichibodi haina budi kuuarifu mtambo ni namba gani iliyokosa kupokewa, na katika mitambo mingi ya zamani huarifu kwa milio ile ile itolewayo na vitufe vya simu. Habari hiyo isipofika, mtambo haujui sanduku la nani lifunguliwe, nao humsalimu mpigaji kwa salamu ya jumla kana kwamba ndiyo kwanza apige. Ujumbe ukishahifadhiwa, ni zamu ya mtambo kuiarifu swichibodi iwashe taa kwenye simu ya mhusika. Taa isipowaka, ujumbe upo na hakuna aujuaye.

Mwandishi wa sentensi yetu alitaka tu kwamba simu inayolia mezani kwa opereta isichukuliwe na mtambo. Fundi aliyeisoma kwa maana ile nyingine atazuia kila simu iliyohamishwa na opereta, na mkulima wetu atasikiliza mlio hadi simu ikatike, viazi vikiwa vimekwisha kupakiwa.

Dawa ni kuikwepa kauli ya kutendwa. "Opereta akiihamishia simu namba ya ndani" ina maana moja. "Simu ikifika kwa opereta" nayo ina maana moja. Kwa vyombo, andika "mtambo umeunganishwa kwenye swichibodi". Wapo walimu wanaoichukia "kwenye" na kuisahihisha iwe "katika". Hapa wasifanye hivyo, maana "katika" humfanya msomaji aufikirie mtambo uliomo ndani ya swichibodi, na mitambo ya namna hiyo ipo.

"Ujumbe wa sauti" pekee usitumike kwa mtambo: kwa wengi leo ni ile sauti itumwayo kwa WhatsApp. "Barua ya sauti" ni tafsiri ya neno kwa neno, na sioni sababu ya kuitetea.