Mto Kongo ulivyotenganisha sokwe na bonobo

SIKU moja darasani, nikifundisha habari za wanyama, mwanafunzi wangu aliniuliza swali ambalo sikulitarajia. Alitaka kujua kwa nini sokwe wapo hapa kwetu Kibira, wapo Gombe, wapo hata Uganda, lakini bonobo hapatikani porini popote duniani isipokuwa Kongo.

Nikamjibu: ni kwa sababu ya mto.

Mimi nilisoma uhamishoni, Tanzania, na kitabu chetu kilitaja sokwe tu. Bonobo nilimfahamu ukubwani. Hata wataalamu walichelewa. Walianza kumtofautisha mwaka 1929, baada ya Mjerumani Ernst Schwarz kuchunguza fuvu lililohifadhiwa katika makumbusho ya Tervuren, Ubelgiji.

Mto Kongo una urefu wa kilomita 4,700 hivi. Ukitazama ramani, utaona unapanda kaskazini, unavuka ikweta, unapinda kama upinde na kuivuka tena ukielekea baharini. Bonobo wanaishi ndani ya upinde huo, upande wa kusini. Sokwe wako nje yake. Wote wawili hawajui kuogelea, na maji mapana kwao ni ukuta.

Wataalamu wa vinasaba wanakadiria kuwa walitengana kati ya miaka milioni moja na milioni mbili iliyopita. Mto wenyewe ni mzee kuliko hapo. Hivyo inadhaniwa kwamba wakati fulani wa ukame maji yalipungua, kikundi cha mababu kikavuka, kisha maji yakajaa nyuma yao. Njia ya kurudi ikafungwa. (Nikifika hapa darasani huwa nanyamaza kidogo.)

Ng'ambo hiyo wakawa wengine. Bonobo ni mwembamba zaidi, uso wake ni mweusi tangu kuzaliwa, na nywele za kichwani zimegawanyika katikati. Kwa sokwe dume ndiye mtawala, na huko Gombe makundi mawili yalipigana na kuuana kati ya mwaka 1974 na 1978. Kwa bonobo majike hushikamana na ndiyo yenye sauti. Makundi yakikutana, mara nyingi hula pamoja. Wapo wataalamu wanaosema chanzo ni tumbo: katika msitu wa bonobo hakuna gorila wa kugombea naye majani ya chini, kwa hiyo majike waliweza kutembea pamoja bila njaa.

Sasa niseme na ndugu zangu mnaovuka mipaka na mizigo. Mto hauzuii bunduki wala boti ya injini. Mtoto wa sokwe au bonobo akiuzwa, jua kwamba mama yake ameuawa, na pengine wengine wa kundi lake. Biashara ya wanyama hao kati ya nchi na nchi imepigwa marufuku na mkataba wa CITES. Mtu akikuomba umvushie "tumbili mdogo" ndani ya sanduku, usipokee, hata kama nauli ni nono.

Bonobo yatima wanaookolewa hulelewa Lola ya Bonobo, pembeni mwa Kinshasa, kituo kilichoanzishwa na Claudine André mwaka 1994. Mwaka 2009 baadhi yao walirudishwa porini katika jimbo la Équateur, upande uleule wa mto walikotoka.