Siku Tatu za Mombasa Huanzia Mackinnon Road

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Familia nyingi za mijini zinapofunga safari ya siku tatu kwenda Mombasa haziishii kushika mbili. Hushika saba au nane! Orodha huandikwa sebuleni wiki nzima kabla ya safari: Fort Jesus, Mji wa Kale, Haller Park, Diani, Shimba Hills, Shimoni na Wasini. Kila mtoto huongeza lake na baba hutikisa kichwa kukubali.

Matokeo yake yanajulikana. Jumapili jioni gari linaporudi Nairobi, watoto wameuona mgongo wa kiti cha dereva kuliko walivyoiona bahari. Mama hakupata hata nusu saa ya kuketi mchangani. Akiba ya miezi minne imekwisha, na Jumatatu baba anaingia kazini akiwa amechoka kuliko alivyokuwa siku ya kuondoka. Yaliyokusudiwa kuwa mapumziko yamegeuka kuwa kibarua.

Kwa kawaida hapo lawama huangukia pesa. Lakini mara nyingi kilichokosekana ni mpango wa saa. Mtu mwenye siku tatu tu Pwani huongozwa na saa tatu: saa ya jua, saa ya njia na saa ya bahari. Akizitii, hata mfuko mdogo humtosha. Akizipuuza, hoteli ya fahari haitamfaa kitu.

Usipite tu Mackinnon Road

Kutoka Nairobi hadi Mombasa ni karibu kilomita 480, na kwa sababu ya malori safari ya gari huchukua saa nane au zaidi. Wengi huiona safari hiyo kama adhabu ya kuvumilia kabla ya starehe kuanza. Ndiyo maana hufika wakiwa wamekasirika, wakalala, na siku ya kwanza ikapotea bure.

Ni busara zaidi kuanza kupumzika njiani, na mahali pafaapo ni Mackinnon Road. Mji huu mdogo uko katika nyika kavu ya Kaunti ya Kwale, baada ya Voi na Maungu na kabla ya Taru na Samburu. Kutoka hapa hadi Mombasa hapafiki kilomita 100. Wasafiri wengi hushangaa kusikia kwamba kaunti hii yenye vumbi jekundu ndiyo hiyo hiyo yenye mchanga mweupe wa Diani.

Jina la mji linatokana na Sir William Mackinnon, tajiri wa meli kutoka Uskoti aliyeiongoza kampuni ya Imperial British East Africa iliyopewa hati ya kifalme mwaka 1888. Mwaka 1890 kampuni hiyo ilianza kuchonga barabara ya mikokoteni kutoka Pwani kuelekea Uganda. Miaka michache baadaye, kazi ya reli iliyoanzia Mombasa mwaka 1896 ilipita papa hapa. Baada ya Vita Vikuu vya Pili Waingereza waliweka hapa ghala kubwa la kijeshi, na wakati wa Hali ya Hatari ya miaka ya 1950 mahali hapa palikuwa na kambi ya kuwazuilia washukiwa wa Mau Mau. Mzazi ambaye mwanawe anasoma historia shuleni ana somo zima hapa, na hahitaji kulipa chochote.

Kando ya barabara na reli kuna msikiti wenye kaburi la Sayyid Baghali Shah, ambaye husimuliwa kuwa alikuja kutoka Bara Hindi kufanya kazi ya reli. Masimulizi yanasema kwamba karai lake la mawe halikugusa kichwa chake, bali lilielea juu hewani alipokuwa akitembea. Wasafiri husimama hapa kumwombea na kujiombea safari njema. Msomaji anaweza kuamini au asiamini, lakini heshima ya mahali ni lazima: vua viatu, vaa mavazi ya staha, na uwafundishe watoto kupunguza sauti. Nyosheni miguu kwa nusu saa, mnywe maji, kisha muendelee.

Wanaosafiri kwa gari-moshi la Madaraka Express, lililoanza kazi mwaka 2017, hawapati nafasi hii kwani halina kituo hapa. Wao hushuka Miritini, nje kidogo ya kisiwa cha Mombasa, na yafaa wawe wameamua mapema watakwenda upande gani.

Chagua upande mmoja

Uamuzi mkubwa wa safari ufanywe kabla ya kuondoka Mackinnon Road: je, mnalala kisiwani au kusini? Anayelala kisiwani huku akitaka kuogelea Diani kila siku atavuka Likoni kila asubuhi na kila jioni. Mwenye miguu havilipii kivuko, na kwa mwanafunzi hiyo ni neema. Lakini foleni ya magari saa za kwenda na kutoka kazini inaweza kumeza nusu siku.

Siku hizi ipo njia nyingine. Barabara ya Dongo Kundu huanzia Miritini, ikavuka maji kwa madaraja ya Mwache na Mteza, na kutokea Kibundani kwenye barabara ya Likoni kwenda Ukunda. Sehemu yake ya kwanza ilifunguliwa mwaka 2018, na tangu mwaka 2024 magari yamekuwa yakipita hadi kusini. Kwa hivyo familia itokayo bara inaweza kufika Diani bila kuingia kisiwani wala kuona feri.

Ushauri wetu ni huu: usiku wa kwanza lala kisiwani, zinazobaki lala kusini. Vuka mara moja tu. Waendao kaskazini, Nyali na Bamburi, nao waseme kusini ni ya safari nyingine.

Anayepanda feri akumbuke kwamba sheria za pale hazikuwekwa kwa mchezo. Tarehe 29 Aprili, 1994, feri ya Mtongwe ilizama na watu 272 wakaangamia. Shuka garini, mshike mtoto mkono, na usikimbilie mlango kabla ya feri kutia nanga.

Tazama mwezi kabla ya kutazama bahari

Hili ndilo jambo ambalo watu wa bara hulisahau kuliko yote. Mtu hutoka Nairobi, akafika ufuoni saa nne asubuhi akiwa tayari kuogelea, akakuta maji yameondoka na kuacha mchanga, majani na mawe. Hulalamika kwamba amedanganywa. Mtoto yeyote wa Gazi au Msambweni angemweleza kwamba hayo ni maji ya bamvua.

Bahari hujaa na kupwa mara mbili kila siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Wakati wa mwezi mwandamo na mwezi mpevu, yaani karibu na tarehe mosi na tarehe 15 za kalenda ya Kiislamu, huwa ni bamvua. Katika pwani yetu tofauti ya maji kujaa na kupwa siku hizo yaweza kuzidi mita tatu. Maji hupwa kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi, na hujaa karibu saa kumi alasiri. Wakati wa nusu mwezi huwa ni maji mafu. Siku hizo bahari haiendi mbali, na hujaa karibu saa nne asubuhi.

Kwa hivyo panga hivi. Ukifika siku za bamvua, asubuhi wapeleke watoto wakaone kaa, samaki wadogo na nyota za bahari katika vidimbwi vilivyoachwa na maji. Kuogelea kungoje alasiri. Ukifika siku za maji mafu, ogelea asubuhi na uache alasiri kwa matembezi ya nchi kavu. Kalenda yenye alama za mwezi yatosha kukupa mwanga, na mvuvi yeyote atakutajia saa kamili.

Majira nayo yana yake. Likizo ya Aprili huangukia masika, mvua ikinyesha na baadhi ya njia zikiwa tope. Agosti ni wakati wa kusi: upepo una nguvu, bahari huchafuka na mwani hujaa ufuoni, lakini hewa ni ya kupendeza kwa kupanda milima. Desemba kaskazi huanza, maji hutulia, jua huwaka, na bei za vyumba hupanda pamoja na umati wa watu.

Siku tatu zenyewe

Siku ya kwanza iwe ya mji. Mkifika mchana, kaeni chumbani hadi jua lipungue. Saa kumi jioni nendeni bustani ya Mama Ngina, iliyokarabatiwa na kufunguliwa upya Oktoba 2019. Hapo watoto watakula mihogo ya kukaanga yenye pilipili na ndimu, wanywe madafu, na wahesabu meli zinazoingia Kilindini. Lalini mapema.

Siku ya pili amkeni alfajiri. Fort Jesus, ngome iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596 na kuingizwa katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO mwaka 2011, hupendeza kabla ya jua kuwa kali. Waelezeni watoto jinsi jeshi la Oman lilivyoizingira tangu 1696 hadi ilipotekwa 1698. Kisha tembeeni vichochoro vya Mji wa Kale kwa miguu, mtazame milango ya nakshi, na muombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha. Kufikia saa sita muwe mmekwisha kula mnajiandaa kuelekea kusini.

Siku ya tatu chagua kitu kimoja tu kikubwa. Nasema kimoja! Wapendao wanyama waende Shimba Hills, umbali mfupi kutoka mji wa Kwale. Humo mna ndovu, na ndimo mahali pa pekee nchini Kenya palahala wanapopatikana porini. Ukiandamana na askari wa wanyamapori unaweza kushuka kwa miguu hadi maporomoko ya Sheldrick, yanayoanguka zaidi ya mita 20.

Wapendao utulivu waende Kaya Kinondo, msitu mtakatifu wa Wadigo karibu na Diani. Ni mojawapo ya makaya ya Mijikenda yaliyotambuliwa na UNESCO mwaka 2008. Mgeni hufungwa shuka nyeusi, huongozwa na mwenyeji, na haruhusiwi kuondoka na jani wala jiwe.

Wenye watoto wanaouliza maswali mengi waende Gazi, ambako kina mama wa kijiji wamejenga njia ya mbao ndani ya mikoko. Hapo ndipo ulipo mradi wa Mikoko Pamoja, ulioanza mwaka 2013. Wanakijiji huilinda mikoko na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa nayo, na mapato yamesaidia maji na shule. Kiingilio unacholipa humfikia mama uliyemwona kwa macho.

Wenye haja ya bahari tu wabaki Diani. Huko wataona pia mbega wakivuka barabara juu ya ngazi za kamba zilizofungwa mitini na shirika la Colobus Conservation, lililoanzishwa mwaka 1997. Usiwape chakula nyani wala tumbili. Mnyama aliyezoea mkate wa mgeni huishia kuwa mwizi, na kupigwa mawe.

Mfuko na usalama

Mwanafunzi asidhani matembezi haya ni ya matajiri. Katiba ya mwaka 2010 inaihesabu ardhi iliyo kati ya alama ya maji kujaa na alama ya maji kupwa kuwa mali ya umma. Ufuo si wa hoteli. Matatu ya Likoni hadi Ukunda, kisha tuktuk, itakufikisha mchangani kupitia njia za umma. Beba kitambulisho na kadi ya chuo, kwani raia hulipa kiingilio cha chini kuliko wageni katika makavazi na hifadhi. Katika hifadhi za KWS malipo hufanywa kwa simu, basi usitegemee noti. Ukitaka mashua, patana bei kwanza, uulize ni kwa mtu au kwa chombo kizima, na usiingie bila jaketi la kujiokoa.

Wazazi nao wajue kwamba bahari si kidimbwi cha hoteli. Mtoto aogelee akiwa umbali wa mkono wako, si umbali wa jicho lako. Anayetembea mwambani maji yanapopwa avae viatu vya mpira, kwani kuna viumbe wenye miiba mieusi mirefu. Arudi mara tu maji yanapoanza kugeuka, maana maji yakijaa hupita kwanza kwenye mikondo iliyo nyuma yake, naye akabaki amezungukwa.

Mwisho, itisheni mkutano wa familia kabla ya safari. Kila mmoja achague kitu kimoja ambacho asingependa kukikosa, kisha vilinganishwe na mwezi na njia. Visivyoingia viandikwe kwenye karatasi nyingine, kwa likizo ijayo. Wasini haitahama, na palahala wa Shimba Hills watawangoja. Mtoto aliyerudi nyumbani akiuliza, "Tutakwenda tena lini?" amepumzika vyema kuliko aliyerudi akiwa amelala kitini tangu Mariakani.