Raba Ndogo Ndani ya Shoki: Mambo ya Kujua Kabla ya Kushusha Gari



Kijana mwenye gari dogo lililoshushwa akisimamishwa na askari wa trafiki, swali lake la kwanza huwa: "Afande, kosa langu ni nini? Leseni ninayo, bima ninayo, na gari ni langu." Swali hilo ni la haki, nalo linastahili jibu lililo wazi. Makala haya yameandikwa kwa ajili ya wakazi wa Sikuda na majirani wao wa Busia na Tororo: wenye magari, mafundi wa gereji za kando ya barabara, na wazazi ambao watoto wao hupanda magari hayo. Jibu letu kwa ufupi ni hili: gari kuwa chini peke yake hakulifanyi kuwa baya. Ubaya ni kulifanya liwe hatari kwa aliyemo na kwa apitaye kando yake. Na mara nyingi hatari hiyo hujificha ndani ya kipande cha mpira ambacho mwenye gari hajapata kukiona kwa macho yake.

Kipande hicho ni kipi?

Magari madogo mengi yanayoonekana katika barabara zetu, kama vile Toyota Vitz iliyoanza kuuzwa mwaka 1999, hubeba mbele mfumo unaoitwa MacPherson, kwa jina la Earle MacPherson, mhandisi Mmarekani aliyeubuni katika miaka ya 1940. Katika mfumo huo springi na shoki hukaa pamoja kama nguzo moja. Springi hubeba uzito wa gari. Shoki hutuliza mrukoruko wa springi ili gurudumu lisidundedunde. Katika fimbo ya shoki, chini ya maunting ya juu, huvishwa kipande cha mpira au cha povu gumu, mara nyingi chenye mikunjo kama ya kiwavi na ncha nyembamba upande wa chini. Mafundi wengi huita tu raba ya shoki. Hapa tutaiita raba ya kikomo, kwa sababu kazi yake ni kuweka kikomo cha safari ya gurudumu kwenda juu.

Gari likiingia shimoni au likipanda tuta kwa kasi, gurudumu husukumwa juu na fimbo ya shoki huzama ndani. Kama hapangekuwa na raba, chuma kingegonga chuma: shoki ingepasuka ndani, tairi lingesaga ukingo wa bodi, na maunting ingepigwa kama kwa nyundo. Raba hupokea pigo hilo. Nayo haipokei kwa mara moja: ncha nyembamba hubonyea kwanza kwa upole, kisha sehemu nene hukaza hatua kwa hatua. Kwa hiyo raba ya kikomo ni zaidi ya kinga. Ni springi ya pili inayoingia kazini pale springi ya kwanza inapozidiwa.

Gari likishushwa, nini hubadilika?

Tuchukue mfano wa hesabu nyepesi. Tuseme gari likiwa limesimama bila abiria, kati ya ncha ya raba na kichwa cha shoki kuna nafasi ya milimita 40. Hiyo ndiyo safari huru ya gurudumu kabla ya kuigusa raba. Mwenye gari anafunga springi fupi zinazolishusha gari milimita 35. Shoki ni ileile, raba ni ileile. Nafasi iliyobaki ni milimita 5, sawa na unene wa kidole cha mtoto mchanga. Sasa wapande abiria wanne na gunia la mahindi liwekwe nyuma. Nafasi imekwisha kabla gari halijaondoka. Tangu hapo gari haliendi tena juu ya springi zake; linaendeshwa juu ya raba.

Dereva huhisi ugumu, akasema gari "limekaza kama la mashindano". Anajidanganya. Hatari yenyewe huonekana katika kona. Gari linapopinda, uzito huhamia upande wa nje. Kama gurudumu la nje la mbele litaigonga raba katikati ya kona, upande huo hukazwa ghafla, tairi hupoteza mshiko, na gari huenda moja kwa moja ingawa usukani umepindwa. Kama litakuwa gurudumu la nyuma, mkia ndio huteleza. Katika hali zote mbili hakuna onyo. Gari lilitii mita moja iliyopita. Mita hii halitii. Katika barabara zetu za marramu, zenye mawimbi wakati wa kiangazi na mitaro wakati wa mvua, gurudumu huhitaji safari ndefu ili libaki ardhini. Na katika lami ya kuelekea mpakani, kando yako yupo bodaboda aliyepakia abiria, na mbele yako lipo trela lililosimama kwenye foleni. Kuteleza kwa mita mbili kunatosha kuua.

Kisu cha fundi

Fundi mzoefu huliona tatizo hili, na dawa yake ni ya haraka: huchukua kisu akaikata raba, au akaitupa kabisa. Hapa pana nusu ya ukweli na nusu ya hatari.

Nusu ya ukweli ni kwamba raba fupi hurudisha sehemu ya safari huru. Katika mfano wetu, ukipunguza milimita 20, nafasi huongezeka kutoka 5 hadi 25. Wapo watengenezaji wa springi za kushusha ambao wao wenyewe huagiza raba ipunguzwe, nao hutaja kipimo. Kwa hiyo kuikata si dhambi kwa kila hali.

Nusu ya hatari ni kwamba kikomo cha chuma hakikusogea. Shoki ina urefu uleule, na ukingo wa bodi uko palepale. Raba iliyokatwa kupita kiasi huacha fimbo izame mpaka mwisho wake, na siku ya shimo kubwa shoki hupasuka na kuvuja mafuta. Tairi nalo, hasa likiwa pana kuliko la asili, hukutana na bodi. Tairi likisagwa mara kwa mara hukatika ubavuni, na tairi lililokatika ubavuni hupasuka gari likiwa katika mwendo. Wahenga walisema mdharau mwiba mguu huota tende. Raba hii ni mwiba wa namna hiyo.

Liko pia kosa la mahali pa kukata. Ncha nyembamba ndiyo inayoanza kupokea uzito kwa upole. Ikikatwa hiyo na kubakizwa sehemu nene tu, pigo huwa la ghafla kuliko hata mwanzo. Na raba iliyokatwa kwa mshazari hubonyea upande mmoja na kuisukuma fimbo kombo.

Baya kuliko yote ni kukata springi kwa moto wa gesi, au kuichoma ili ilegee. Chuma cha springi kilipata ugumu na unyumbufu wake kwa kupashwa moto kwa kipimo maalumu kiwandani. Moto wa gereji huuharibu, na springi huweza kulala au kuvunjika. Tena springi fupi mno hulegea gurudumu linaponing'inia, ikatoka katika kiti chake, na gurudumu likirudi chini springi huweza kukaa upande. Hapo usukani hauna tena maana.

Njia iliyo salama zaidi

Hatumshauri mtu yeyote kulishusha gari linalofanya kazi ya kubeba abiria au mizigo katika barabara za vijijini kama hizi za Sikuda. Lakini kwa yule aliyekwisha kuamua, na kwa yule aliyenunua gari kutoka Japani likiwa tayari limeshushwa, yapo mambo ya kuzingatia.

Kwanza, springi fupi na shoki fupi huenda pamoja. Shoki iliyotengenezwa kwa ajili ya gari lililoshushwa huwa na mwili mfupi, hivyo hurudisha safari iliyopotea bila kuondoa kinga. Iwapo raba fupi ya kiwandani inapatikana, ni bora kuliko ile iliyokatwa kwa kisu.

Pili, raba ikilazimika kukatwa, ikatwe kwa kipimo kilichotolewa na mtengenezaji wa springi, katika bonde la mkunjo, kwa mkato ulionyooka, na kulia na kushoto zilingane. Kamwe isitolewe kabisa.

Tatu, fundi apime kabla ya kufunga. Nguzo ikifungwa mahali pake bila springi, gurudumu huinuliwa kwa jeki mpaka raba ibonyee, huku gari likiwa limeegemezwa juu ya stendi imara, wala si juu ya jeki peke yake. Hapo huonekana kama tairi litagusa bodi, na kama bomba la breki litavutwa au kusagwa. Usukani ugeuzwe pande zote mbili katika kipimo hicho.

Nne, baada ya kufunga, funga kamba nyembamba ya plastiki, ile ya kufungia nyaya, kuizunguka fimbo ya shoki pale inapoonekana. Endesha taratibu katika njia yako ya kila siku, kisha uitazame. Kamba itakuwa imesukumwa hadi pale shoki ilipofika. Ikiwa imebanwa hadi ndani ya raba kwa matuta ya kawaida tu, gari liko chini mno kwa barabara hiyo. Rudia jaribio ukiwa na abiria.

Tano, magurudumu yapangwe upya na taa zielekezwe upya, kwa maana vyote viwili hubadilika gari likishuka. Na baadhi ya magari madogo ya mizigo yana vali ya breki za nyuma inayosoma urefu wa gari ili kukadiria mzigo. Gari likishushwa, vali hiyo hudhani kuna mzigo, ikaongeza nguvu ya breki nyuma, na magurudumu ya nyuma yakafunga mapema. Fundi lazima airekebishe.

Askari hutazama nini?

Nchini Uganda, Sheria ya Trafiki na Usalama Barabarani ya mwaka 1998 inakataza kutumia gari lililo katika hali ya hatari kimitambo, na Polisi ina wakaguzi wa magari kwa kazi hiyo. Ng'ambo ya mpaka, Sheria ya Trafiki ya Kenya, Sura ya 403, inataka gari na sehemu zake zote zitunzwe katika hali isiyohatarisha watumiaji wa barabara. Anayevuka Busia au Malaba kwa gari lake ajue kwamba pande zote mbili zinamwuliza jambo moja: je, gari hili ni salama?

Kwa hiyo askari anapoinama kutazama ndani ya ukingo wa tairi, anatafuta alama za kusagwa, mafuta yanayovuja katika shoki, springi iliyochomwa, bomba la breki lililochubuka, na tairi lililoliwa upande mmoja. Mwenye gari ana haki ya kuonyeshwa kasoro hiyo na kuelezwa kwa maneno. "Gari lako liko chini" si maelezo ya kutosha. "Tairi lako limekatika hapa" ni maelezo. Askari anayeonyesha kasoro hujenga imani, na dereva anayekubali kuitazama hulinda maisha yake.

Nanyi mafundi, kazi yenu huonekana mahali ambapo ninyi hampo. Mteja akikusihi uitupe raba ili gari lishuke zaidi, mwonyeshe ile nafasi ya milimita tano, umwulize anabeba watu wangapi siku ya soko. Mteja anayeelewa hesabu hiyo aghalabu hubadili mawazo. Asiyebadili, afadhali umkose mteja huyo kuliko kuitwa kueleza raba ilikwenda wapi baada ya ajali.