Kutoka Diski ya Tani Moja hadi Flashi ya Mfukoni: Rekodi za Meza ya Fundi, Mlandege

Fundi wa kompyuta wa Mlandege, katika Manispaa ya Iringa, hahitaji meza kubwa. Bisibisi ndogo, flashi mbili tatu, waya wa kuunganisha diski na USB, na boksi la diski zilizotolewa kwenye laptop zilizopasuka kioo au kuungua bodi, basi kazi inaenda. Kazi inayomjia zaidi ni ile inayoitwa mitaani "kupiga Windows", yaani kuiweka Windows upya. Vifaa hivyo vimezoeleka kiasi kwamba hakuna anayeuliza vimetoka wapi, na vingi vinatupwa kabla ya wakati wake. Rekodi hizi nimezichagua kwa kulifikiria boksi lile: ipi ilikuwa nzito kuliko zote, ipi ilipotea kwa hasara isiyosahaulika, na ipi bado ina miaka ya kufanya kazi.

Nzito, kubwa na ndogo kuliko zote

Diski ngumu ya kwanza kuingia sokoni ilikuwa IBM 350, iliyotangazwa Septemba 1956 pamoja na kompyuta ya RAMAC. Ilikuwa na sahani 50, kila moja ya inchi 24, na uzito wake ulipita kilo 900. Pamoja na ukubwa wote huo ilibeba herufi milioni 5, yaani takriban MB 3.75 kwa hesabu ya leo. Picha moja ya simu nzuri inaweza kuijaza. Kwetu Tanzania, kompyuta ya kwanza nchini, ICT 1500, ilifungwa Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku uingizaji wa kompyuta na televisheni. Kijana anayenunua leo laptop ya mtumba bila kuulizwa na mtu ana nafasi ambayo wazazi wake hawakuwa nayo.

Kwa nafasi ya kuhifadhi, Seagate ilitangaza Januari 2025 diski ya TB 36. Kubeba kinachoingia humo kungehitaji IBM 350 zipatazo milioni 10. Ndogo kuliko zote kwa umbo ni ya Toshiba ya mwaka 2004, yenye sahani ya inchi 0.85, iliyoingizwa kwenye kitabu cha rekodi cha Guinness. Flashi ziliposhuka bei, haja yake ikaisha.

Iliyozunguka kwa kasi kuliko zote, na ile iliyomo kwenye laptop yako

Mwaka 2000 Seagate ilitoa Cheetah X15, diski ya seva iliyozunguka mara 15,000 kwa dakika. Hakuna diski ya sokoni iliyoivuka kasi hiyo, kwa sababu SSD zisizo na kitu kinachozunguka zilikuja na kuumaliza mchezo. Diski nyingi za laptop zinazofika Mlandege huzunguka mara 5,400 tu. Hapo ndipo uzito wa kompyuta ya zamani unapotokea: mwenyewe anadhani prosesa imechoka, kumbe kinachosubiriwa ni diski. Ukiweka SSD, hata ya GB 240, mashine hiyohiyo inawaka kwa sekunde badala ya dakika. Kwa maoni yangu hakuna shilingi inayotumika vizuri zaidi kwenye kompyuta ya umri wa miaka kumi.

Diski iliyotolewa isitupwe. Kwanza ipimwe: programu kama CrystalDiskInfo husoma taarifa za SMART ambazo diski hujiandikia yenyewe, ikiwemo saa ilizowahi kuwashwa na idadi ya sekta zilizoharibika zikahamishwa. Namba ya sekta zilizohamishwa ikiwa sifuri, na zinazosubiri kuhamishwa pia sifuri, diski hiyo ina kazi mbele yake. Ikiwa namba inapanda kila unapoipima, au unasikia inagonga "tak, tak" inapoanza kuzunguka, usiikabidhi kitu unachokipenda. Iliyo nzima inaingia kwenye kasha la USB na kuwa diski ya nje, au inawekwa ndani ya laptop mahali pa CD, kwa kikasha maalumu kinachoingia nafasi hiyo. Kuna matumizi mengine ninayoyathamini zaidi. Kwa programu ya Kiwix, Wikipedia nzima ya Kiingereza pamoja na picha zake huchukua GB 100 na ushei, nayo husomwa bila intaneti. Diski nzee ya GB 500 inaweza kuwa maktaba ya shule ya sekondari ambako bando ni anasa, na ya Kiswahili ikaingia humo bila hata kuhisi uzito.

Mwinuko: rekodi ambayo Iringa imeepukana nayo

Kichwa cha kusomea diski hakigusi sahani. Huelea juu ya hewa kwa umbali wa nanomita chache, na hewa ikiwa nyepesi mno kichwa kinashuka na kukwaruza. Ndiyo maana watengenezaji wengi huandika kwamba diski isitumike juu ya mita 3,048. Iringa iko kwenye mita 1,600 hivi, na hata kilele cha Mlima Rungwe, takriban mita 2,960, bado kiko ndani ya kipimo. Kileleni Kilimanjaro, mita 5,895, ni kucheza na bahati. Diski hizo hutegemea hewa inayoingia kutoka nje; ya kwanza kujazwa heliamu na kufungwa kabisa isipitishe hewa ya nje ilitolewa na HGST mwaka 2013. Lakini huku Nyanda za Juu, kinachoua diski si mwinuko, ni kuiinua laptop ikiwa inaandika, kisha kuiangusha.

Flashi ya kwanza, mfumo mdogo kuliko yote, na kosa sugu

Flashi ya USB iliingia sokoni mwaka 2000. Ile ya IBM iliyotengenezwa na M-Systems ilikuwa na MB 8. Kufikia 2017 Kingston ilikuwa na flashi ya TB 2. Nani angeweza kuitumia ile ya MB 8 kufufua kompyuta? Tiny Core Linux, mojawapo ya mifumo endeshi midogo kuliko yote yenye dirisha na kipanya, ina takriban MB 23, hivyo ingehitaji flashi 3 za aina ile. Windows 95 kwa disketi ilikuja na disketi 13. Windows 11 ina zaidi ya GB 5. Kwa disketi za MB 1.44 ni disketi zaidi ya 3,400.

Kosa sugu kuliko yote mezani ni la FAT32. Flashi iliyofomatiwa kwa mfumo huo haipokei faili moja lenye GB 4 au zaidi, na ndani ya Windows za sasa kuna faili linalovuka hapo. Mtu ananakili kwa mkono, nakala inakataa katikati, anasema flashi ni feki. Rufus, programu iliyoandikwa na Pete Batard na kutoka mwaka 2011, hulitatua hilo yenyewe. Ventoy, ya mwaka 2020, inakuruhusu kuweka mifumo kadhaa kwenye flashi moja kwa kuinakili tu. Zote mbili hufuta kilichomo kwenye flashi wakati wa kuiandaa. Kisha unazima mashine, unachomeka, unawasha huku ukibonyeza F12 kwa Dell na Lenovo au F9 kwa HP, na menyu ya kubuti inatokea. Chomeka kwenye tundu la bluu kama lipo: USB 2.0 ina ukomo wa megabiti 480 kwa sekunde, USB 3.0 ina megabiti 5,000.

Ukurasa wa kuogopa kuliko zote unakuja baadaye, pale unapoulizwa Windows iwekwe wapi. Kuna Disk 0, kuna Disk 1, hakuna majina ya watoto wala picha za harusi. Fundi makini huichomoa kwanza diski yenye mafaili ya mteja. Asiyeichomoa anacheza kamari kwa mali ya mwingine.

Iliyopotea ghali, na zilizosema mengi

James Howells wa Newport, Wales, aliitupa kwa bahati mbaya mwaka 2013 diski yenye funguo za bitcoin zipatazo 8,000. Iko dampo, na Januari 2025 mahakama ikatupilia mbali ombi lake la kuitafuta au kulipwa fidia.

Kwetu hatari kubwa ni kinyume chake: diski inayofika mikononi mwa mtu ikiwa imejaa siri. Simson Garfinkel na Abhi Shelat wa MIT walinunua diski 158 zilizotumika, wakatoa matokeo mwaka 2003. Zilizofanya kazi zilikuwa 129, na zilizosafishwa ipasavyo 12 tu. Humo walikuta namba za kadi za benki kwa maelfu na kumbukumbu za wagonjwa. Kufomati kwa haraka huondoa orodha ya mafaili, mafaili yenyewe yanabaki. Kwa diski inayozunguka, kuandika sifuri mara moja toka mwanzo hadi mwisho kunatosha; ule utaratibu wa kuandika juu yake mara 35, uliopendekezwa na mtaalamu Gutmann mwaka 1996, ni kupoteza umeme. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na ofisi, zahanati na shule zinazouza kompyuta chakavu ziisome kabla ya kuita mnunuzi.

Kundi kubwa kuliko yote la kompyuta zilizohukumiwa

Msaada wa Windows 10 ulikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Kampuni ya Canalys ilikuwa imekadiria mwishoni mwa 2023 kwamba kompyuta zipatazo milioni 240 zingekosa sifa za Windows 11 na kuwa hatarini kuishia dampo. Nyingi kati ya hizo bado zinaandika barua, zinafungua intaneti na kuchapa mitihani chini ya Linux Mint, bure. Lugha pia si ngeni huko: mwaka 2004 mradi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili.

Kwa hiyo ukienda kwa fundi wiki hii, nakili mafaili yako kwanza, mwambie ni diski ipi isiguswe, na ukibadilishiwa diski usiiache ile ya zamani mezani. Idai, uondoke nayo.