Nyota Ikitoka Kama Mstari

Huenda ukaiweka darubini yako uani pale Mjambere, upige picha ya nyota, nayo itoke kama mstari badala ya kitone. Usikimbilie kununua mota mpya!

Dunia huzunguka mara moja kwa saa 23, dakika 56 na sekunde 4, na darubini sharti iifuate nyota kwa mwendo uo huo. Kazi hiyo hufanywa na parafujo inayosukuma gurudumu la meno. Gurudumu likiwa na meno 180, parafujo humaliza mzunguko kwa dakika 8 hivi. Ikiwa na kasoro, hata ndogo kuliko unywele, darubini hutangulia kisha huchelewa, na kosa hurudi kila dakika 8.

Basi futa grisi kuukuu, hasa hapa pwani penye vumbi na chumvi, utie mpya kidogo. Isogeze parafujo hadi gurudumu lisichezecheze, lakini lisikabwe. Uzito nao uegemee mashariki kidogo, meno yasiachane. Kosa linalosalia, mota zenye kompyuta hulirekodi na kulisahihisha kila mzunguko.

Lakini nyota ikihama upande mmoja tu bila kurudi, parafujo haina hatia. Mombasa iko nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Mhimili wa darubini sharti uelekee kusini, ukiinuka nyuzi 4 tu, na stendi nyingi haziinami hivyo bila kutiwa kabari.