Je, Wajua? Rada Inayozunguka Ione Kila Upande

Antena ndogo, picha kali zaidi
Kwenye rada ya kupiga picha, antena ya mita 10 iliyofungwa ubavuni mwa ndege hutenganisha vitu vilivyoachana mita 5. Ya mita 2 hutenganisha hata vilivyoachana mita 1! Antena ndogo hutawanya mawimbi kwa upana, hivyo ndege ikipita, kitu kimoja humulikwa muda mrefu zaidi na kwa pembe nyingi zaidi. Wazo la msingi la rada hii alilipata mhandisi Carl Wiley wa kampuni ya Goodyear, Arizona, mwaka 1951.

Gari huwaka na kuzima
Ubavu wa gari hung'aa pale tu mawimbi yanapoupiga uso kwa uso. Ni kama bati jipya la paa: hatua moja linakupofusha macho, ya pili halina habari na wewe. Ndiyo maana wataalamu huigawa njia ndefu ya rada vipande vipande, hupiga picha kwa kila kipande, kisha kwa kila nukta huchukua mwangwi mkali kuliko yote.

Mizunguko 8 juu ya magari
Maabara ya utafiti ya Jeshi la Anga la Marekani ilikusanya data za rada iliyozunguka magari ya kiraia nyuzi zote 360, mara 8, kila mara kwa mwinuko tofauti. Mwaka 2007 watafiti walipewa changamoto: magari hayo yajengeni upya, kimo kikiwemo!

Undugu na mashine ya CT
Hesabu za kuunganisha miangwi ya pembe nyingi ni jamaa wa zile ambazo mashine ya CT huzitumia kuchora ubongo hospitalini. David Munson na wenzake walionyesha hivyo mwaka 1983. Mzizi wake ni wa mwanahisabati Johann Radon, 1917, miongo mingi kabla Allan Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, hajapata Nobeli ya 1979 kwa kazi ya CT.

Treni nje ya reli
Katika picha za rada, treni iendayo kasi yaweza kuonekana inapita shambani, mbali na reli! Kompyuta inayounda picha hudhani kila kitu kimetulia, kwa hiyo chenye mwendo hukiweka pasipo pake. Kosa hilo lina faida: ukipima treni imehama kiasi gani, unaweza kukadiria kasi yake.